Upana wa Kidole

Fundi anaitwa Ziro. Nikamwambia,
kwa jina hilo nyumba itapoa kabla hujafungua mkoba.
Hakucheka. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole,
akasikiliza, kama daktari na kifua cha mvuta sigara.
"Haya ni mawe ya bahari," akasema. "Nitatoboa polepole."

Nusu saa keekee ililia. Ukuta wa babu,
unene wa mkono hadi kiwiko,
ulitema unga mweupe juu ya zulia, juu ya kabati la vikombe,
juu ya kope za Ziro,
na katikati ya unga kombe dogo, zima,
lililokuwa humo tangu kabla ya babu.
Mama aliliokota akalifunga kwenye pindo la leso.

Nyumba hii haikuwahi kuomba baridi.
Dari ilikuwa juu, madirisha yalitazamana,
upepo uliingia upande wa Kuze ukatokea uani
bila kubisha hodi.
Kisha jirani akapandisha ghorofa saba,
akaukunja upepo wetu akauweka kwake.
Tangu hapo, kila mwezi wa tatu,
mama hulala sakafuni na kitambaa kibichi kifuani,
na daktari ameandika, kwa mwandiko wa kuku,
neno moja tu nililoweza kusoma: joto.

Basi. Bomba la shaba likakunjwa bila kuvunjika,
pampu ikafyonza hewa yote ya zamani,
mshale wa geji ukashuka, ukashuka, ukatulia.
Gesi ikafunguliwa. Ziro akapaka sabuni kwenye maungio.
"Ikitoa mapovu, tunavuja."
Tukainama, watu wazima watatu,
kama watoto wanaosubiri yai lianguliwe.
Halikutoka povu.
Akamwaga birika la maji kwenye trei ya ndani
aone kama yatafuata mpira wake hadi kwenye ndoo
au yatamdondokea Bi Shemsa na nguo alizoanika chini.
Yalimdondokea.
Tukasikia mababu zetu wakitajwa, mmoja mmoja, hadi wa Pate.
Akaulaza mpira upya, akamwaga tena.
Ndoo ikajibu: to, to, to.

Akawasha. Swichi kuu ikakatika.
Akawasha. Friji ikanyamaza, kiyoyozi kikaguna.
Mara ya tatu, baada ya kupewa waya wake peke yake,
kisanduku cheupe kilifunua mdomo mwembamba
na kipupwe kikaingia Machi
bila ruhusa ya kalenda.

Kipimajoto mdomoni mwake: kumi na tatu.
Chumbani: thelathini na mbili, thelathini, ishirini na saba.
Ziro akasaini karatasi ya dhamana, akala mahamri mawili,
akatuachia sharti moja: dirisha lifungwe.

Nikalifunga.
Mtaa wote ukazimika kama redio.
Vikombe vya Awadhi muuza kahawa,
watoto wa chuoni, mkokoteni wa maji,
Bi Shemsa na hesabu ya mababu,
wote nyuma ya kioo, wakitikisa midomo.

Mama alikaa katika nyuzi ishirini na nne,
miguu kaikunja chini ya leso,
shingo imekauka jasho kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.
"Kuzuri," alisema.
Akanyamaza. Kisha:
"Lakini sasa n'tayuaje nani kafa?"

Saa nane usiku nikaamka kuangalia mita ya stima,
tokeni zinayeyuka kama barafu ya mnadi samaki.
Mashine inanguruma taratibu,
mama usingizini, kitandani, si sakafuni,
kombe mezani kando ya miwani,
na dirisha
wazi, upana wa kidole.
Kidole chake. Nilikijua.

Nikanyoosha mkono nilisukume. Chini,
mtu aliyetoka zamu ya bandarini
alisimama ghafla mbele ya ukuta wetu,
akageuza shingo huku na huku,
akatazama juu
palipotoka ile baridi.
Akavua kofia.

Mkono nikauacha palepale, juu ya komeo.